Mawe Yaliyo Kazini: Matembezi Baina ya Busia na Tororo

Siku ya soko mjini Busia, upande wa Kenya, nilimwona mama mmoja akipima suruali ya jinzi kwa njia ambayo wauza mitumba wote wa nchi hizi huijua: aliushika ukanda wa kiuno, akamzungushia kijana shingoni, na ncha mbili zilipokutana barabara kisogoni, akasema, "Hii yako, baba, usihangaike kuijaribu." Kijana akalipa, akaikunja suruali kwapani, akashika njia kuelekea Uganda, bila habari, na bila haja ya habari, kwamba kitambaa kile kigumu cha samawati alichokikumbatia huitwa denimu, na kwamba jina hilo, kwa kauli ya wengi waliolichunguza, asili yake ni mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, ambako wafumaji wa zamani walifuma nguo nzito iliyouzwa ng'ambo kwa jina la mji wao, na lile neno jinzi nalo, wasema hao hao, lilitoka Genoa, bandari ya Italia. Miji miwili ya Mediterania ikavuka mpaka wa Busia kwapani mwa kijana mmoja, wala hakuna ofisa wa forodha aliyeiuliza hati.

Nîmes ni mji ambao wageni huuendea kwa nia ya kuutazama tu. Warumi waliuneemesha zama za Kaizari Augusto, yapata miaka elfu mbili iliyopita, na athari zao zingali zimesimama: uwanja wa maonyesho wa mviringo, uliojengwa kwa mawe kuelekea mwisho wa karne ya kwanza, wenye nafasi ya watazamaji 24,000 hivi, hekalu liitwalo Maison Carrée, ambalo mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwendo mfupi nje ya mji, Pont du Gard, daraja la matao ya ngazi tatu lenye kimo cha karibu mita 49, lililobeba mfereji wa maji uliosafiri kilomita 50 hivi kutoka chemchemi za Uzès hata mjini, ilhali tofauti ya kimo baina ya mwanzo wa mfereji na mwisho wake haizidi mita 17. Hata mamba wa Nile yuko huko: sarafu za kale za Nîmes zilimwonyesha mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende, ishara ya Misri iliyotekwa na Augusto, na mnyama huyo hata leo ndiye nembo ya mji, ingawa mto wake watoka katika ziwa la Viktoria pale Jinja, safari ya saa chache tu kutoka hapa Busia niandikapo.

Jambo lililonipa fikira zaidi katika habari za Nîmes, hata hivyo, ni namna majengo yale yalivyonusurika. Dola ya Rumi ilipoanguka, uwanja ule haukubaki mtupu: watu waliugeuza ngome, wakajenga nyumba baina ya matao yake, wakazaa na kulea humo vizazi kwa vizazi, mpaka karne ya kumi na tisa walipohamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Maison Carrée nalo lilipata kuwa kanisa, likawa zizi la farasi, likawa ghala la nyaraka za serikali, likaishia kuwa makumbusho. Majengo mengi yaliyokosa kazi yalivunjwa, mawe yake yakachukuliwa kujengea kwingine. Yale yaliyopewa kazi, hata iwe kazi ya unyonge, yalisalia. Nikapata mizani: nikitaka kuujua urithi wa mahali, nisiulize tu ni kipi kilicho kikongwe, niulize ni kipi kikongwe ambacho kingali kazini.

Kwa mizani hiyo nilianza kuitazama upya nchi hii ya mpakani, ambayo aghalabu hakuna aiendeaye kwa matembezi. Abiria wa basi litokalo Nairobi kwenda Kampala huiona Busia usiku wa manane, kwa macho mekundu, kitambulisho mkononi na hofu ya kuachwa na gari moyoni. Na yule wa njia ya Malaba huiona Tororo dirishani kama jabali jeusi lililochomoza uwandani, akauliza jina lake, akajibiwa, akasinzia tena. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa pwani na kufunzwa kuwa magofu ya kuzuriwa ni ya Gedi na Kilwa, niliipita njia hiyo mara nyingi nikiwa katika kundi la wasinziao. Safari hii nilishuka.

Tuanze na kilicho kikongwe kuliko vyote. Kutoka Busia barabara yaelekea kaskazini, katika nchi ya Wateso wa Kenya, kupita Amukura mpaka Malaba, na si mbali na Malaba, penye vilima vya Chelelemuk, pana jabali liitwalo Kakapel. Chini ya paji la jabali hilo pana kivuli kilicho kama baraza, na ukutani mwake pamechorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, mistari na maumbo yasiyo na tafsiri ya haraka, na ng'ombe waliochorwa juu ya michoro iliyotangulia, hata mtazamaji mwenye subira aweza kuzifunua zama moja baada ya moja kama afunuavyo kurasa. Duara zile hunasibishwa na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa. Ng'ombe ni mkono wa wafugaji waliowafuata. Mwanachuoni wa Kenya, Osaga Odak, aliandika juu ya michoro hiyo mwaka 1977, na mwaka 2004 mahali hapo pakatangazwa rasmi kuwa ukumbusho wa taifa, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Yafaa kwenda asubuhi, jua likiwa bado la upande, kwani mwanga wa adhuhuri huifanya rangi nyekundu ijifiche katika wekundu wa jiwe. Na yafaa zaidi kuuzuia mkono, kwa kuwa jasho la kidole kimoja laweza kufuta lililostahimili mvua za karne nyingi.

Lakini hazina kubwa ya Kakapel imo sakafuni, mahali ambapo mgeni hukanyaga bila kutazama. Waakiolojia waliochimba hapo wamekuta dalili za makao ya watu tangu miaka 9,000 iliyopita, na katika taarifa waliyoitoa mwaka 2024 wakaeleza habari za mbegu zilizoungua motoni na kuhifadhika kwa kule kuungua: kunde ya miaka 2,300 hivi, ambayo ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa kilimo katika Afrika Mashariki, na wimbi, ambao watu wengine huuita ulezi, wa miaka isiyopungua 1,000. Mpishi fulani, ambaye jina lake halikuandikwa na yeyote, aliuacha moto ukazidi nguvu, na kosa lake likawa kumbukumbu. Siku ile kunde yake ilipoungua, jiwe la kwanza la Maison Carrée lilikuwa bado halijachongwa, wala halingechongwa kwa muda wa karne mbili na zaidi. Nami nilipoteremka kutoka jabalini, nilikuta nyuma ya nyumba moja majani ya kunde yakichumwa kwa ajili ya chakula cha jioni, na chini ya mti wazee wameketi duara, mirija mirefu imezama katika chungu kimoja cha ajono, pombe ya nafaka ya Wateso ambayo wimbi ni moyo wake. Hapo nikafahamu kwamba urithi wa Kakapel haujawahi kuacha kazi hata siku moja.

Miji ya Warumi ilishikana kwa barabara, na iliyopita Nîmes iliitwa Via Domitia, ikianza kujengwa mwaka 118 kabla ya Kristo ili kuunganisha Italia na Hispania. Huku kwetu njia iliyotangulia ilikuwa ya nyayo tupu. Misafara ya pwani, ya Waswahili na Waarabu waliotafuta pembe za ndovu, ilivuka Bonde la Ufa na kutua kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, mahali ambapo hata leo huitwa kwa jina lake, Mumias, kisha ikaelekea magharibi, Busoga na Buganda. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita hapo, na mwaka 1885 akapita Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka huo huo. Waingereza walipotaka njia ya mikokoteni katika miaka ya 1890, mhandisi Sclater aliongoza kazi ya kuitengeneza mpaka magharibi, na kwa sehemu kubwa njia za wakoloni zilifuata mantiki ile ile ya misafara: penye kivuko, penye maji, penye mtu wa kuuza chakula. Malori yanayopanga foleni leo, yamesheheni shehena ya Mombasa kwa ajili ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, yamo katika mkondo uliochimbwa na miguu ya wapagazi.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko njia. Katika siku za mwanzo za ukoloni, nchi ya Uganda katika ramani za Waingereza ilifika mashariki mpaka Naivasha. Ndipo mwaka 1902 jimbo lake la mashariki likahamishiwa milki ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari ukaanguka hapa, sehemu yake ikibebwa na mto Sio na sehemu yake na mto Malaba. Hawakuulizwa Wasamia, wahunzi mashuhuri waliofua majembe kwa chuma cha vilima vyao na kuyauza mbali, hawakuulizwa Wateso, kila taifa katika haya likajikuta lina shangazi Uganda na mjomba Kenya. Mstari huo uliochorwa kalamuni uliwahi kutikiswa tena mwezi wa Februari 1976, Idi Amin alipodai hadharani nchi zote zilizokuwa za Uganda kabla ya uhamisho ule, dai lililozua taharuki kubwa Kenya kabla ya kufifia. Wenyeji, kwa upande wao, waliutumia mpaka kama watumiavyo mto: panapofaa kuvuka wakavuka, panapofaa kutega wakatega, na biashara ya magendo ya miaka ile ikajenga nyumba nyingi ambazo wenye nyumba hawakupenda kuulizwa zilijengwa kwa nini.

Ukivuka Malaba na kwenda mbele kidogo, jabali la Tororo halikupi nafasi ya kutazama kitu kingine. Latoka uwandani peke yake, wima, kimo chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari na mamia ya mita juu ya mji ulio miguuni pake, na kwa hakika huo ndio mlingoti ambao kwao macho ya nchi nzima hujipimia: mkulima akilima hulitazama ajue yuko upande gani, na msafiri hulitazama ajue bado kitambo gani. Kulipanda kwataka ruhusa kwanza, kiongozi wa hapo hapo, viatu vyenye meno, na kadiri ya saa moja. Penye miinuko mikali pamewekwa ngazi za chuma, ambazo mkono hujifunza kuzipenda na goti hujifunza kuziogopa. Kileleni upepo hukupokea kwa kelele. Kaskazini mashariki, siku ya uwazi, Mlima Elgon umelala kama ndovu, ambao Wagisu huuita Masaba, kilele chake mita 4,321. Chini yako mabati ya mji yanameta, reli inagawanyika kama uma, na mashariki, mahali fulani katika vile viraka vya mihogo na mahindi, umo mpaka wa dola mbili, ambao kutoka juu huwezi kabisa kuuona.

Jabali hili ni mabaki ya volkano iliyokufa makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, koo la mlima ambao kiwiliwili chake kimekwisha kuliwa na mvua. Lakini volkano hii ilikuwa ya aina adimu. Sisi wa pwani tumezoea kuwa chokaa ni mali ya bahari: twachukua matumbawe, twayapanga juu ya kuni, twayachoma, na kwa chokaa hiyo zimejengwa nyumba na misikiti ya Lamu na Unguja. Huku chokaa ilitoka motoni. Mawe ya Tororo ni ya jamii iitwayo kabonataiti, uji wa chokaa uliopanda kutoka tumboni mwa ardhi, na ndugu yake wa pekee duniani anayetapika hata leo ni Ol Doinyo Lengai, huko Tanzania. Kwa ajili ya chokaa hiyo kikajengwa hapa kiwanda cha saruji katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakati Uganda ilipokuwa ikilijenga bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Na mpaka sasa jina la Tororo huandikwa katika mifuko ya saruji isafiriyo mbali kuliko watu wake. Warumi wangeielewa kazi hii mara moja, maana wao ndio waliokuwa mabingwa wa kuchanganya chokaa na majivu ya volkano, wakapata udongo ugandao hata chini ya maji. Vilima jirani vya Sukulu, vilivyo wa nasaba ile ile ya moto, vina madini ya fosfeti yanayotengenezewa mbolea. Basi mlima huu uliokufa umekuwa ukuta katika nyumba za watu na rutuba katika mashamba yao.

Neno moja la hadhari kwa mpandaji: shuka kabla ya alasiri. Upepo wenye unyevu kutoka ziwa la Viktoria hukutana hapa na nyanda zinazopanda kuelekea Elgon, na makutano hayo huzaa radi kwa wingi uliovifanya vitabu vya hali ya hewa viupe Tororo sifa ya peke yake. Hesabu itajwayo sana ni ya wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, iliyopatikana katika miaka ya 1967 hadi 1976. Kiongozi wangu, mzee wa Kipadhola mwenye kofia ya sufu wakati wa jua kali, aliyatazama mawingu ikiwa saa saba tu, akaniambia kwa upole usio na mjadala, "Mwalimu, sasa tuteremke, huyu akianza kusema hapendi mtu awe juu yake." Tulipofika chini, radi ilipiga mara moja, kavu, nami nikashukuru kwa kuwa na adabu ya kumtii mwenyeji.

Mji wenyewe husomwa vizuri zaidi kwa miguu, shingo ikiwa imeinuliwa. Barabara kuu zina maduka ya zamani ya Wahindi, yenye varanda za kukinga jua na mvua, na juu ya paji la duka, kwa plasta iliyochongwa, mara nyingi pana mwaka wa kujengwa na jina la aliyejenga. Pana pia mahekalu mawili ya Kihindu, yenye nakshi ambazo mgeni hazitarajii katika mji wa reli na saruji. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Maduka yakagawiwa watu wengine, mengine yakafa mikononi mwa waliopewa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa mali zao au wakaziuza. Nilisimama mbele ya duka moja ambalo sasa ni la dawa za mifugo. Juu yake jina lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi mno hata herufi zimebaki vivimbe tu, mwaka peke yake ukisomeka, na nikajaribu kulisoma kwa kufuata vivuli vya jua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanachuoni wa Nîmes, Jean-François Séguier. Maison Carrée lilikuwa na maandishi ya shaba juu ya paji lake, lakini shaba iling'olewa zamani, yakabaki matundu ya misumari. Mwaka 1758 Séguier alichunguza matundu hayo, akapima nafasi zake, akafikiri ni herufi gani ya Kilatini ingeshikwa na misumari iliyopangwa vile, na kwa njia hiyo akalisoma lisilokuwapo: hekalu liliwekwa wakfu kwa Gaius na Lucius, wajukuu wa Augusto aliowafanya wanawe. Tororo haijapata Séguier wake. Vivimbe vile bado vinasomeka, na pengine mzee jirani angali alijua jina. Lakini tabaka moja au mawili ya rangi zaidi, na duka litabaki na mwaka usiokuwa na mtu.

Kilichoufanya Tororo kuwa mji ni reli. Njia ya kwanza kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mwenye safari ya Kampala alishuka gari la moshi akapanda meli. Ndipo tawi jipya likajengwa kutoka Nakuru kupita Eldoret na Malaba, likaingia Uganda penye Tororo katika miaka ya 1920, likafika Kampala mwaka 1931. Papo hapo Tororo likazaliwa tawi jingine la kwenda Mbale na Soroti, lililofika Soroti mwaka 1929 kufuata pamba, na katika miaka ya 1960 likaendelezwa mpaka Gulu na Pakwach. Kwa hiyo Tororo ni mji wa njia panda, na kituo chake chataka kutazamwa na mtu asiye na haraka.

Nilirudi Busia kwa njia ya upande wa Uganda, nikafika mpakani jioni. Kituo cha pamoja cha mpaka, kilichofunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kimefanya maofisa wa nchi mbili waketi chini ya paa moja, ili msafiri asimame mara moja tu, katika nchi anayoingia, naye raia wa Kenya au Uganda aweza kuvuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Lakini mandhari halisi ya Busia yako nje ya kioo: akina mama wenye mabeseni ya dagaa, ambao huku huitwa omena upande mmoja na mukene upande wa pili, wabadilisha fedha wenye mabunda ya shilingi mbili zisizolingana, na wale watu wenye ulemavu wa miguu ambao kwa miaka mingi wameuendesha mpaka huu kwa nguvu za mikono, wakikanyagia kwa viganja baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa mizigo hata mwendeshaji hafichuki ila kichwa.

Na hapa ndipo kilipo kitu ambacho Busia imekipa ulimwengu. Baina ya vizuizi vya nchi mbili palikuwa na kipande cha barabara ambacho magari ya abiria hayakuruhusiwa kukivuka kwa wepesi, na kukitembea na mizigo juani kulichosha, ndipo katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli wakatia mto wa sponji juu ya kibebeo cha nyuma, wakaanza kuwavusha watu kutoka boda hadi boda, wakiwaita kwa sauti, "Boda! Boda!" Watu wa Malaba nao hudai sehemu yao katika uzazi huo, wala sioni sababu ya kuwanyima. Baiskeli zikazaa pikipiki, na neno likaenea Uganda yote, Kenya, Tanzania na kwingine, likaingia magazetini na katika sheria, mpaka leo kuna watoto wa miji isiyopakana na nchi yoyote ambao hupanda boda boda bila kujua kuwa wametamka jina la mpaka.

Atakayefuata njia hii na apange siku tatu: moja kwa Kakapel, moja kwa jabali na mji wa Tororo, moja kwa Busia zote mbili, na aende katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, njia za udongo zikiwa ngumu na Elgon ukionekana. Achukue fedha za nchi mbili kwa vipande vidogo, maji, na kitambulisho kisichotoka mfukoni; aombe ruhusa kabla ya kupiga picha za watu au za ofisi za mpaka; amlipe kiongozi wa kijijini kabla hajaulizwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni apitaye akisinzia hamponyi mtu.

Jua lilikuwa limekwisha kutua upande wa Uganda nilipouona mzigo wa mwisho wa siku ukivuka. Ilikuwa pikipiki moja, na nyuma ya mwendeshaji robota la mitumba limefungwa kwa vipande vya mpira vilivyokatwa katika tyubu ya gari, limekazwa mpaka limekuwa na kiuno. Na penye mpasuko wa gunia ulichungulia mguu mmoja wa suruali ya samawati, ukipepea kwa upepo wa mwendo. Kitambaa chenye jina la Nîmes kilikuwa kimepanda chombo chenye jina la Busia. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia nikiyatazama hayo, na mwendeshaji, ambaye alikuwa na kazi ya kufanya, akanipigia honi. "Mzee, nipishe." Nikampisha.